BARABARA KUU YENYE NGAZI 362



Kazi yangu hunipeleka mara kwa mara kwenye vikao vya baraza la madiwani. Ukihudhuria vikao hivyo miaka miwili mitatu, kuna ombi moja utalikariri kama sala: "Mheshimiwa Mwenyekiti, tunaomba barabara yetu ipandishwe hadhi." Diwani anasimama, anarekebisha koti, anaeleza jinsi barabara ya kata yake inavyokatika masika, jinsi viazi vinavyoozea shambani, jinsi mama mjamzito anavyobebwa kwenye machela mpaka yalipo magari. Anamalizia kwa kuomba barabara hiyo ichukuliwe na TANROADS. Wajumbe wanagonga meza. Ofisa anaandika. Mimi nami naandika, na kesho yake habari inatoka ukurasa wa ndani, chini kabisa, karibu na matangazo ya viwanja.

Kwa wasiofahamu, hapa kwetu barabara kuu na barabara za mikoa ziko chini ya TANROADS, na zile za chini yake, tangu mwaka 2017, ziko chini ya TARURA. Diwani anaamini, na wapiga kura wake wanaamini, kwamba ukiuvuka mpaka huo wa karatasi shida zimekwisha. Greda litakuja, lami itakuja, mabasi yatakuja.

Je, ni kweli? Serikali ikiipa njia yenu cheo kikubwa, barabara yenyewe hufuata nyuma ya cheo?

Nilipoanza kulitafutia swali hili majibu kwenye historia za nchi nyingine, nilifika mahali ambapo sikutarajia kabisa: Japani. Ndiyo, Japani hiyohiyo tunayoijua kwa Fuso, Noah na treni ziendazo kasi. Sijawahi kukanyaga huko. Lakini historia ya barabara zake nimeisoma, na njia zenyewe nimezifuata kwenye ramani usiku hadi macho yakauma. Niliyoyakuta nadhani yanamhusu diwani wangu kuliko yeye mwenyewe anavyoweza kufikiri.

Tuanzie kwenye ngazi.

Kaskazini kabisa mwa kisiwa kikuu cha Japani, katika mkoa wa Aomori, kuna rasi inaitwa Tappi. Ni mahali pa upepo mkali, kijiji cha wavuvi kimebanana chini ya mlima, na chini ya ardhi na bahari yake hupita handaki la reli la Seikan, lililofunguliwa mwaka 1988 kuunganisha kisiwa hicho na Hokkaido. Barabara kuu ya taifa namba 339 inafika hapo, inaingia katikati ya nyumba kama kichochoro cha Kariakoo, halafu inageuka ngazi. Sisemi kwa mfano. Ni ngazi za kupanda kwa miguu, 362 kwa idadi, zenye urefu wa mita 388, zenye vyuma vya kushikilia. Na pembeni kimesimama kibao cha bluu cha barabara ya taifa, kilekile kinachosimama kwenye barabara za njia nne za Tokyo: 339.

Gari halijawahi kupita pale na halitapita. Lakini kisheria ni barabara kuu ya taifa, na imekuwa hivyo tangu miaka ya 1970.

Mtu anaweza kucheka na kuondoka. Mimi nilicheka pia. Halafu nikajiuliza: nchi makini namna ile ilifikaje kwenye kuipa ngazi namba ya barabara kuu?

Jibu linaanzia mbali. Katika enzi ya watawala wa ukoo wa Tokugawa, kuanzia mwaka 1603 hadi miaka ya 1860, Japani ilikuwa na njia kuu tano zilizotoka Edo, mji ambao leo ni Tokyo. Zilikuwa njia zilizotunzwa vizuri, zenye miti kandokando na nyumba za wageni, ila zilikuwa njia za miguu. Matumizi ya magari ya magurudumu yalibanwa sana. Watu walitembea, wakubwa walibebwa kwenye machela, mizigo ilipanda juu ya farasi. Mito mingine, kama Oi, iliachwa bila daraja kwa makusudi, na msafiri alivushwa mabegani mwa wapagazi waliofanya kazi hiyo ya maji. Watawala hawakutaka jeshi la adui lifike Edo kwa urahisi.

Msomaji wa pwani ataelewa haraka. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji nayo ilikuwa ya watu kutembea mmoja nyuma ya mwingine, mzigo kichwani. Njia ya namna hiyo haihitaji upana. Inahitaji maji, chakula na mahali pa kulala. Upana ni haja ya gurudumu.

Gurudumu lilipokuja Japani, lilikuja kwa reli. Treni ya kwanza ilianza mwaka 1872, kati ya Tokyo na Yokohama, na kwa miongo mingi fedha za serikali zikaenda kwenye reli. Njia za milimani zikabaki vilevile za kwato na miguu. Mwaka 1919 ikatungwa Sheria ya Barabara, na hapo ndipo tunaona waziwazi serikali iliyaona mambo namna gani. Sheria ile ilieleza barabara ya taifa ni ipi: ni inayotoka Tokyo kwenda kwenye hekalu kuu la Ise, kwenye makao makuu ya mikoa, kwenye makao ya vikosi vya jeshi, kwenye vituo vya wanamaji na bandari muhimu. Kwa maneno mengine, barabara ya taifa ilikuwa ya mfalme, askari, ofisa na meli. Mkulima wa mlimani hakutajwa.

Vita vikaja, Japani ikashindwa mwaka 1945, na nchi ikaanza upya. Mwaka 1952 ikapatikana Sheria mpya ya Barabara. Safari hii barabara za taifa ziligawanywa madaraja mawili. Za daraja la kwanza zilipewa namba kuanzia 1 hadi 40, na mwaka uliofuata, 1953, zikatangazwa za daraja la pili, kuanzia namba 101 hadi 244. Ndiyo maana hadi leo namba za Japani zinaruka kutoka 58 hadi 101 bila kitu katikati.

Mwaka huohuo wa 1953 mbunge mmoja kijana kutoka Niigata, mkoa wa theluji nyingi, alisukuma bungeni muswada wa kuifunga kodi ya petroli itumike kwa barabara tu. Aliitwa Kakuei Tanaka. Hakuwa na elimu ya chuo kikuu, alikuwa na kampuni ya ujenzi, na alijua vizuri maana ya kijiji kufungiwa na theluji nusu mwaka. Baadaye, mwaka 1972, akawa waziri mkuu. Kodi ile ikawa mto usiokauka. Kila Mjapani aliyenunua gari aliongeza tone.

Na barabara zilihitaji kweli. Mwaka 1956 timu ya wataalamu kutoka Marekani, iliyoongozwa na mchumi Ralph Watkins, ilialikwa kutazama mpango wa barabara ya kasi kati ya Nagoya na Kobe. Walichokiandika kilikuwa aibu kwa wenyeji wao: kwamba katika nchi zenye viwanda hawajaona iliyozitelekeza barabara zake kiasi kile. Zaidi ya robo tatu ya barabara za taifa za daraja la kwanza hazikuwa na lami. Za daraja la kwanza! Fikiria zile za pili.

Serikali ikakimbia. Barabara ya kasi ya kwanza ikafunguliwa mwaka 1963, treni ya risasi mwaka 1964. Mwaka 1965 madaraja mawili ya barabara za taifa yakafutwa, zote zikaitwa jina moja tu: kokudo, yaani barabara ya nchi.

Hapa, ndugu msomaji, naomba utulie kidogo, maana hapa ndipo penye siri.

Jina lilikuwa moja, lakini barabara zilikuwa za aina mbili. Baadhi ya vipande serikali kuu ilivishika yenyewe moja kwa moja, kuanzia kujenga mpaka kufagia. Vilivyobaki viliachwa mikononi mwa mikoa, na serikali kuu ikachangia gharama. Namba ni ya taifa, sepeto ni la mkoa. Mkoa tajiri wenye miji mikubwa uliweza kutoa sehemu yake. Mkoa wa milima mitupu na wazee watupu ulihangaika.

Hata hivyo mchango wa serikali kuu ulikuwa na maana kubwa. Njia ikiwa ya mkoa tu, mkoa unabeba mzigo karibu wote. Ikiwa ya taifa, Tokyo inatia mkono mfukoni. Kwa hiyo kila gavana, kila mbunge na kila meya wa kijiji alitaka namba. Namba ilikuwa tiketi ya kukaa kwenye foleni ya fedha. Na serikali ilizigawa kwa awamu: mwaka 1970, mwaka 1975, mwaka 1982, na mara ya mwisho mwaka 1993, zilipofika namba 507. Ukiondoa namba zilizorukwa, leo ziko barabara za taifa 459.

Sasa, zinatangazwaje? Serikali hutaja barabara inaanzia wapi, inaishia wapi, na inapita wapi katikati. Baada ya hapo njia yoyote iliyopo kati ya sehemu hizo, iwe ya lami, ya changarawe au ya mbuzi, inavaa namba. Ujenzi utakuja mbele ya safari. Kama palikuwa na ngazi, basi ngazi zikawa barabara ya taifa. Hivyo ndivyo Tappi walivyopata yao. Wenyeji hupenda kusimulia kwamba ofisa wa Tokyo alichora mstari kwenye ramani bila kufika kuona. Huenda ni utani. Lakini mfumo wenyewe haukumlazimu afike.

Twende milimani tuone namba hizo ziliwafanyia nini watu.

Kusini mwa Osaka kuna rasi kubwa ya Kii, milima imesimama kama meno ya msumeno. Katikati yake ipo Totsukawa, kijiji kikubwa kuliko vyote Japani kwa eneo, zaidi ya kilomita za mraba 670. Mwezi Agosti 1889 mvua kubwa iliiporomosha milima yake. Watu 168 walikufa, na wapatao 2,500 waliokosa nyumba na mashamba walihama mwaka huohuo kwenda Hokkaido, zaidi ya kilomita 1,000 kaskazini, wakaanzisha huko makazi ambayo hadi leo yanaitwa Totsukawa Mpya.

Waliobaki walibaki na milima yao. Mwaka 1954 wakazi wa kitongoji kimoja, Tanise, walichoka kushuka bondeni na kuvuka mto kwenye madaraja ya magogo yaliyosombwa kila mafuriko. Wakajichanga. Kila kaya ilitoa yen laki mbili hadi laki tatu, wakati mshahara wa mwalimu haukufika yen elfu kumi kwa mwezi. Wakajenga daraja la kamba za chuma lenye urefu wa mita 297, likining'inia mita 54 juu ya mto. Lipo hadi leo, watalii hulipita wakitetemeka. Mimi kila nikitazama picha yake naona kitu kimoja: watu ambao hawakusubiri kupandishwa hadhi.

Miaka 28 baadaye, mwaka 1982, barabara ya taifa namba 425 ikatangazwa, kutoka Owase upande wa mashariki hadi Gobo upande wa magharibi, ikikatiza Totsukawa. Kwenye ramani ni mstari safi kutoka pwani hadi pwani. Kwenye ardhi, vipande virefu vyake ni njia ya gari moja, ukuta wa mawe upande huu, korongo upande huu, kingo hakuna. Magari mawili yakikutana, mmoja anapiga rivasi hadi apate pa kujibanza. Mawe huanguka, magogo huanguka, na kila baada ya mvua kubwa kipande fulani hufungwa. Namba zake 4, 2 na 5 zikisomwa kwa mkato kwa Kijapani hutoa sauti ya neno kifo, na madereva hawakuikosa nafasi hiyo ya kuipa jina la utani.

Zaidi ya miaka 40 imepita tangu itangazwe. Sensa ya mwaka 2020 iliikuta Totsukawa na watu takribani 3,000 tu.

Vuka bahari uende kisiwa cha Shikoku. Huko kuna namba 439, karibu kilomita 350 kutoka mji wa Tokushima hadi Shimanto, nayo ilitangazwa mwaka 1982. Inapanda na kushuka kati ya vijiji vya bonde la Iya, mahali pengine nyumba zikiwa juu ya mwinuko mkali kiasi cha kudhani zimebandikwa. Kandokando ya barabara hiyo kuna kijiji cha Nagoro. Ukipita utaona watu wamekaa kituo cha basi, wengine wanalima, wengine wanavua samaki. Ukisogea unagundua ni sanamu za nguo na majani. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 mama mmoja wa kijijini hapo amekuwa akizishona, moja baada ya nyingine, nyingi kwa kumbukumbu ya majirani waliokufa au kuhama. Shule ya kijiji ilifungwa mwaka 2012. Madarasani sasa wamekaa wanafunzi wa nguo, na mwalimu wa nguo mbele yao. Sanamu zimewazidi wakazi kwa mbali.

Barabara ya taifa ipo. Kibao cha bluu kipo. Basi lisubiriwe na nani?

Wahenga walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Hapa unachelewa unakuta mwana ameshonwa kwa uzi.

Lakini nisiwe mwandishi wa kulaumu upande mmoja. Kuna mahali mlima wenyewe ulikataa. Barabara namba 152 ni ya tangu mwaka 1953, na sehemu yake inafuata ufa mkubwa wa ardhi unaokatiza Japani, ambako miamba imesagika kama chapati iliyokaushwa. Kwenye mpaka wa mikoa ya Nagano na Shizuoka kuna kipito cha mlimani kinachoitwa Aokuzure, jina lenye maana ya bluu inayoporomoka. Namba 152 ikifika hapo, inakatika. Kuna njia ya miguu tu. Miaka ya 1990 wahandisi walijenga handaki karibu na hapo kwa ajili ya barabara mpya ya kasi, wakaja kugundua mbele yake ardhi ni mbovu mno, wakalazimika kuhamisha njia. Mwaka 2023 ndipo wachimbaji wa pande mbili za handaki jingine, refu karibu kilomita tano, walipokutana katikati ya mlima. Miaka 70 tangu namba itolewe.

Wenyeji hawakukaa wakilia muda wote huo. Magari ya huko huzunguka kwa njia ya msituni inayovuka mlima sehemu inayoitwa Hyogoe, na hapo mpakani, tangu mwaka 1987, watu wa pande mbili hukutana kila Oktoba kuvutana kamba. Atakayeshinda anasogeza kibao cha mpaka mita moja kwenye ardhi ya mwenzake. Nagano haina bahari, kwa hiyo watu wake hutania kwamba wataivuta kamba hadi wafike baharini. Mpaka wa kisheria haubadiliki, ila utani wa ujirani umeziba pengo ambalo barabara imeshindwa kuziba.

Na kuna njia ambayo ufinyu wake umekuwa heshima. Kati ya Osaka na Nara kuna mlima Ikoma, na juu yake kipito cha Kuragari, njia ya kale sana. Mshairi Matsuo Basho aliivuka mwaka 1694 akielekea Osaka, ambako alifia wiki chache baadaye. Tangu mwaka 1970 njia hiyohiyo ni barabara ya taifa namba 308. Upande wa Osaka mwinuko wake unazidi asilimia 30, yaani katika kila mita 100 unapanda zaidi ya mita 30. Juu kileleni bado imetandazwa mawe, nyumba ziko pande zote mbili, na gari dogo linapita likinyonya tumbo. Hakuna anayedai ipanuliwe, maana mwaka 1997 lilifunguliwa handaki chini ya mlima huohuo kwa wenye haraka. Juu wakaachiwa watembeao na kumbukumbu zao.

Wajapani wenyewe wamezipa barabara hizi jina. Nimesema barabara ya taifa inaitwa kokudo. Sasa kuna herufi nyingine ya Kijapani inayotamkwa koku vilevile, ila maana yake ni ukatili, mateso. Ukibadilisha herufi moja tu, sauti inabaki ileile lakini maana inakuwa barabara katili. Wapo watu wanaozifuata kama wengine wanavyofuata mpira, wanazipiga picha, wanaandika vitabu. Kwenye namba 157, kati ya Gifu na Fukui, kilikuwapo kibao kilichowafurahisha na kuwatisha kwa pamoja. Kiliandikwa kwa ufupi kwamba ukianguka, unakufa.

Utani huo sisi Waswahili tusiushangae, maana lugha yetu imetupa wa kwetu. Neno barabara ni njia, na ukihamisha mkazo linakuwa sawasawa, kama inavyotakiwa. Namba 425 ni barabara isiyo barabara.

Na kama unadhani mambo haya ni ya mbali, chungulia dirishani. Ile Kirikuu iliyobeba vitanda au maji ya kunywa mtaani kwako, Suzuki Carry, ni ya kundi la magari madogo ambalo serikali ya Japani ililiwekea sheria yake mwaka 1949 na kulipunguzia kodi. Leo upana wake hauruhusiwi kuzidi mita 1.48. Huko kwao ndilo gari la mkulima wa mlimani, na moja ya sababu za kupendwa kwake ni kwamba linapita mahali ambapo kubwa halipiti. Barabara nyembamba na gari jembamba vimezeeka pamoja.

Sasa nirudi kwa diwani wangu.

Kwa haya niliyosoma, nilitegemea nifike mwisho nimwambie: Mheshimiwa, hadhi ni hewa, achana nayo. Lakini historia imenikatalia. Mwezi Septemba 2011 kimbunga kiliipiga tena rasi ya Kii, milima ikaporomoka kama mwaka 1889, na barabara namba 168, uti wa mgongo wa Totsukawa, ikakatika na daraja lake moja likavunjika. Mwaka 1889 watu walihama kwa maelfu. Mwaka 2011 barabara ilirudishwa. Yapo mengi yaliyobadilika kati ya miaka hiyo, mojawapo likiwa kwamba taifa lilikuwa limeandika namba yake pale. Ukishaandika namba yako kwenye njia ya mtu, umekiri mbele ya watu wote kwamba yule naye ni wa kwako. Hata wakibaki wazee 30, kifusi kikianguka kuna ofisi inayotakiwa kuja kukiondoa.

Kwa hiyo namba si hewa. Ni hati ya deni. Na hati ya deni ina thamani kwa anayejua kudai.

Kosa la Japani, kwa macho yangu, lilikuwa kugawa hati nyingi kuliko fedha, huku kila mwanasiasa akirudi kwao kushangiliwa siku ya tangazo. Hata ile kodi ya petroli ya Tanaka, iliyofungwa kwa barabara tu, ilifunguliwa mwaka 2009 ikaingia kwenye mfuko wa jumla. Walioahidiwa mwaka 1953 na walioahidiwa mwaka 1982 wakajikuta foleni moja, wengine wakifa humohumo.

Basi diwani akisimama tena kuomba barabara yake ipandishwe hadhi, nitagonga meza pamoja na wengine, moyoni. Ila kuna maswali matatu natamani ayaongeze, na kama yeye hatayauliza nitayauliza mimi baada ya kikao, kwenye ngazi za ukumbi, kalamu mkononi. Fedha zimetengwa kiasi gani, na mwaka gani? Sepeto litakuwa la nani? Na wakati barabara inafika, nani atakuwa bado yupo kijijini kuipanda?

Habari ya namna hiyo, nadhani, hata mhariri wangu angeitoa ukurasa wa ndani na kuipeleka mbele.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kuwasilisha.